Dhahabu, Mkonge na Vidonge vya Ijumaa

Maji ya korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, yananuka vibaya, na aliyekulia kwenye shamba la mkonge hahitaji kuelezwa. Jani likishapondwa na kukwanguliwa, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi ya kijani na maji makali yanayowasha ngozi. Kwetu, upande wa Muheza, maji hayo yalitiririka kwenye mtaro hadi mtoni. Baba alikuwa fundi wa mashine hizo. Mama alikuwa na vidole vilivyovimba kwenye vifundo na kupinda vyote upande mmoja, na kila asubuhi alikaa kitandani mpaka jua lipande ndipo mikono ikubali kufunga khanga. Pale kambini hakuna aliyejua kwamba katika maji yale yale wakemia wa Uingereza walikuwa wamegundua malighafi ya dawa ya ugonjwa wake.

Nililijua hilo nikiwa mwalimu wa kemia, na baadaye ugonjwa wa mama ukanifika na mimi. Nimeishi nao kwa muda mrefu sasa. Katika muda huo nimesikia ndugu na majirani wakisema maneno mawili yanayopingana: kwamba dawa za hospitali zitaniua, na kwamba kuna vidonge fulani dukani vinavyoponya kwa siku tatu. Maneno yote mawili yana historia.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Baridi yabisi ninayoisema hapa si maumivu ya goti la uzeeni, wala si jongo. Ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia utando ulio ndani ya viungo. Mikono yote miwili huvimba pamoja, asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, na ugonjwa ukiachwa hula gegedu, kisha mfupa. Wanawake huupata mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Mfaransa Augustin Jacob Landré-Beauvais aliueleza mwaka 1800 alipowachunguza wanawake maskini katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Mwingereza Alfred Garrod ndiye aliyeupa jina lake la kitabibu mwaka 1859. Majina yalipatikana mapema. Dawa zilichelewa sana.

Ya kwanza yenye nguvu ilitoka kwenye gome la mti wa Ulaya unaoota kando ya maji. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone aliiandikia Royal Society ya London kwamba unga wa gome hilo unashusha homa. Mwaka 1876 daktari Thomas MacLagan wa Dundee aliripoti kwamba salisini, kemikali ya gome hilo, inatuliza homa ya viungo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza aspirini, na miaka miwili baadaye ikaingia sokoni. Kwa zaidi ya nusu karne wagonjwa wa baridi yabisi waliinywa kwa kiasi ambacho leo kingetutisha. Daktari aliongeza vidonge mpaka masikio yaanze kulia, kisha akapunguza kidogo. Mlio wa masikio ndio uliokuwa kipimo. Tumbo likatoka damu, na mfupa ukaendelea kuliwa, kwa sababu aspirini hutuliza maumivu bila kumzuia adui mwenyewe.

Dhahabu nayo ilikuja kwa njia ya kosa. Robert Koch alikuwa ameonyesha mwaka 1890 kwamba chumvi ya dhahabu inazuia vijidudu vya kifua kikuu ndani ya chupa ya maabara. Mfaransa Jacques Forestier, aliyeamini kwamba baridi yabisi ina undugu na kifua kikuu, akaanza kuwachoma wagonjwa wake sindano za dhahabu, na mwaka 1929 akatangaza kwamba wanapata nafuu. Imani yake haikuwa sahihi, lakini nafuu ilikuwa ya kweli, na majaribio yaliyofanywa baadaye Uingereza yaliithibitisha. Tatizo lilikuwa bei ambayo mwili ulilipa: vipele vya ngozi, figo kuvujisha protini, na kwa wachache uboho kuacha kutengeneza damu. Hata hivyo dhahabu ilileta jambo ambalo naliheshimu mpaka leo. Mgonjwa wa dhahabu alipimwa mkojo na damu mara kwa mara katika kipindi chote cha matibabu. Madaktari walikuwa wamekubali kwamba dawa hii inaweza kuumiza, na badala ya kuikimbia au kuifumbia macho, wakaiwekea ulinzi.

Kisha likatokea jambo lililoonekana kama muujiza. Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, Marekani, alikuwa ameona tangu mwaka 1929 kwamba mgonjwa wa baridi yabisi akipata manjano, maumivu yake hupungua. Aliona pia kwamba wajawazito wengi hupata nafuu wakati wa mimba, kisha ugonjwa unarudi baada ya kujifungua. Mama alisema hivyo hivyo kuhusu mimba ya mdogo wangu wa mwisho: miezi ile alitwanga kisamvu mwenyewe. Hench akakata shauri kwamba mwili una kitu chake cha kuuzima moto huu. Mwenzake, Edward Kendall, alikuwa akichambua homoni za tezi zilizo juu ya figo, na mojawapo aliiita Kiwanja E. Lewis Sarett wa kampuni ya Merck alifanikiwa kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za kemia.

Tarehe 21 Septemba 1948 sindano ya kwanza ilichomwa mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Baada ya siku chache alitembea, na wiki moja baadaye alikwenda mjini kufanya manunuzi. Kiwanja hicho ndicho kotizoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Mswisi Tadeus Reichstein walipewa tuzo ya Nobel. Fikiria kasi hiyo: miaka miwili tu kutoka sindano ya kwanza hadi tuzo.

Dawa yenyewe ilikuwa adimu. Mwaka 1949 gramu moja iliuzwa takriban dola 200, na ng'ombe wa dunia nzima wasingetosha. Ulimwengu ukaanza kusaka mimea. Misafara ilikuja Afrika kutafuta mbegu za Strophanthus, jamii ya mmea ambao wawindaji wetu walipakia sumu yake kwenye mishale. Ni jamii ile ile iliyomfanya John Kirk, kabla hajawa balozi wa Uingereza Zanzibar, agundue kwamba sumu hiyo inapunguza mapigo ya moyo. Lakini jibu la Waingereza halikutoka kwenye podo la mwindaji. Lilitoka kwenye korona.

Hapa mwalimu wa kemia ndani yangu anaomba nafasi. Kotizoni ni molekuli yenye pete nne za kaboni zilizoungana, na nguvu yake inategemea oksijeni iliyokaa kwenye kaboni namba 11. Mimea mingi ina pete hizo, lakini sehemu hiyo haina kitu, na kuweka oksijeni pale kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mkonge una hekojenini, ambayo oksijeni yake ipo kwenye kaboni namba 12, jirani kabisa, kama ilivyo kwenye nyongo ya ng'ombe. Kumhamisha jirani hatua moja kulikuwa rahisi kuliko kumleta mgeni kutoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenneth Callow na wenzake, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, walionyesha kwamba mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki yanaweza kutoa hekojenini ya kutosha. Maji ya korona yaliachwa yachache, mashapo yakachemshwa na asidi, na kilichopatikana kikasafirishwa hadi Uingereza, ambako kampuni ya Glaxo ilikigeuza kuwa kotizoni.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 kupitia Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na kufikia mwaka 1964 ilitoa tani kama 230,000 za singa kwa mwaka. Manamba waliotoka mbali kuja kuukata walilipwa kwa ajili ya singa. Kwa maji yaliyomwagika hakuna aliyewalipa.

Meksiko nayo ilikuwa na njia yake. Mkemia Russell Marker alikuwa amepata malighafi kwenye kiazi kikuu cha msituni, na mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn waligundua kuvu anayeweza kuweka oksijeni kwenye kaboni namba 11 bila taabu. Bei ikaporomoka. Mwaka 1955 zikaja prednisoni na prednisoloni, zenye nguvu zaidi ya kotizoni.

Lakini kabla bei haijashuka, muujiza ulikuwa umeanza kuonyesha uso wa pili. Wagonjwa wa kwanza walipewa dozi kubwa, na baada ya wiki au miezi nyuso zilijaa zikawa za mviringo, presha na sukari zikapanda, mifupa ikawa myepesi, na wengine wakachanganyikiwa akili. Dawa ilipoachwa, ugonjwa ulirudi kwa hasira. Mwaka 1954 Waingereza walichapisha jaribio lililolinganisha kotizoni na aspirini kwa wagonjwa wapya, na baada ya mwaka mmoja tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo sana. Ilichukua miongo minne mingine kufikia busara ya kadiri: mwaka 1995 John Kirwan wa Bristol alionyesha kwamba miligramu 7.5 za prednisoloni kwa siku, pamoja na dawa nyingine, zinapunguza kasi ya mfupa kuliwa. Dutu ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi, na nani anayekisimamia.

Mama hakufikiwa na busara hiyo. Miaka ya themanini, dawa zilipokuwa shida hospitalini, alipata vidonge vidogo vyeupe katika duka moja la dawa baridi, ambalo kisheria halikuruhusiwa kuviuza. Asubuhi ya pili alifunga khanga bila msaada. Nakumbuka furaha ya nyumba nzima, na siwezi kuilaumu furaha hiyo. Majirani waliona mashavu yamejaa wakasema amenawiri. Hakuna aliyempima presha wala sukari, na hakuna aliyemwambia kwamba mwili unaopewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake. Siku mwenye duka alipohama, vidonge vikakatika ghafla, na ndani ya siku chache mama alianguka, akitapika, hana nguvu ya kuinua kichwa. Tezi zake zilikuwa zimelala usingizi mzito. Hospitali ilimwokoa. Miaka michache baadaye nyonga ilivunjika kwa kuteleza tu uani, na hakutembea tena bila mkongojo.

Namwandika mama kwa sababu hadithi hiyo bado inauzwa mijini na vijijini. Kidonge kile ni halali na ni cha thamani. Mimi mwenyewe nimekitumia, kwa dozi ndogo na kwa muda uliopangwa, nikisubiri dawa nyingine ianze kazi. Ubaya ni kukimeza miaka na miaka pasipo mtu anayehesabu.

Wakati kotizoni inashangiliwa, dawa mbili bora zilipita bila kelele. Moja ni ndugu ya klorokwini. Wakati wa vita kuu ya pili askari walimeza dawa za kuzuia malaria, ikaonekana kwamba baadhi yao walipata nafuu ya vipele na viungo. Mwaka 1951 daktari Page wa London aliandika kuhusu jambo hilo, na katikati ya muongo huo hidroksiklorokwini ikaingia kazini. Watu wa rika langu wanaikumbuka klorokwini kwa muwasho, na Tanzania iliiacha kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001. Huyu ndugu yake ni mpole, ila akitumiwa miaka mingi anaweza kudhuru sehemu ya ndani ya jicho, kwa hiyo macho hupimwa.

Ya pili ni methotreksati, dawa yangu mimi.

Chanzo chake ni saratani ya damu ya watoto. Sidney Farber wa Boston alitangaza mwaka 1948 kwamba aminopterini, dawa inayozuia kazi ya vitamini ya foliki, inawapa watoto hao nafuu ya muda. Mwaka 1951 daktari Richard Gubner wa New York aliijaribu kwa wagonjwa wachache wa baridi yabisi, na wakapata nafuu. Hakuna aliyemsikiliza. Macho yote yalikuwa kwenye kotizoni, na kumpa mgonjwa wa viungo sumu ya saratani kulionekana ukatili. Zaidi ya miaka 30 ilipita. Mwaka 1985 Michael Weinblatt na wenzake wakachapisha jaribio la methotreksati, ndugu wa aminopterini, lililowashawishi wengi, na mwaka 1988 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu. Nikitazama historia nzima, ucheleweshaji huo naona ni hasara kubwa kuliko madhara ya dawa yoyote niliyoitaja. Mikono mingi ilipinda katika miaka hiyo, na ya mama ilikuwa miongoni mwake.

Daktari aliponiandikia alisema, "Mwalimu, hii unakunywa mara moja kwa wiki. Chagua siku yako." Nikachagua Ijumaa usiku. Dozi ya viungo ni miligramu chache, 7.5 hadi 25 kwa wiki, wakati ya saratani inaweza kufika gramu. Mgonjwa anayekosea na kumeza kila siku anaweza kufa, kwa sababu uboho unazimika. Hatari hii ni ya kweli na inazuilika kwa kalamu na kalenda. Ziko nyingine. Ini linaweza kuumia, kwa hiyo pombe huepukwa na damu hupimwa, mara nyingi mwanzoni na kwa nafasi zaidi baadaye. Mapafu mara chache hushambuliwa. Kikohozi kikavu na kukosa pumzi si vya kusubiri. Mimba haiendani nayo kabisa. Vidonda vya mdomo na kichefuchefu hupungua kwa kumeza foliki siku nyingine. Na hili la kwetu hasa: Septrin, ambayo kila nyumba inaijua, ikikutana na methotreksati inaweza kuishusha damu vibaya, kwa sababu zote zinaigombania foliki ile ile. SP ya malaria nayo ni hivyo. Mfamasia asipoambiwa, hatajua.

Ukisoma orodha hiyo peke yake, utakimbia. Dada yangu aliisoma kwenye karatasi ya pakiti, akanisihi niache. Nilimwomba aweke mkono wake juu ya wangu, kisha akumbuke wa mama. Karatasi ya pakiti inaeleza dawa inaweza kufanya nini. Ugonjwa haukuja na karatasi. Kama ungekuja nayo, ingeandikwa humo viungo kuharibika bila kurudi, moyo kupata maradhi mapema, na mtu kushindwa kujilisha. Kila hesabu ya hatari isiyoweka upande wa pili hatari ya kukaa bila dawa ni hesabu nusu.

Hesabu nusu ya namna nyingine ilifanywa na wenye kampuni. Merck, wale wale waliotengeneza kotizoni ya kwanza, walitoa Vioxx mwaka 1999, dawa ya maumivu isiyochoma tumbo. Jaribio la mwaka 2000, lililowahusisha zaidi ya wagonjwa 8,000 wa baridi yabisi, lilionyesha kweli kwamba tumbo linapona, lakini mshtuko wa moyo ulikuwa mwingi kuliko kwa waliotumia naproksini. Dawa iliendelea kuuzwa mpaka tarehe 30 Septemba 2004. Miaka minne ni mingi kwa onyo lililokwisha kuonekana. Diklofenaki tunayoinunua dukani kama pipi ina mashaka yale yale kwa moyo, na inaongeza ya tumbo na figo.

Dawa mpya za kibayolojia zilianzia London. Marc Feldmann na Ravinder Maini, wakifanya kazi katika hospitali ya Charing Cross, walianza mwaka 1992 kuwapa wagonjwa kingamwili inayozima TNF, kemikali inayowasha moto wa viungo. Matokeo yalikuwa makubwa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa hizo zimewarudisha kazini watu waliokwisha kata tamaa. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Mwaka 2001 waliripotiwa wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia moja ya dawa hizo, infliksimabu. Kwetu, ambako wengi tunabeba vijidudu hivyo bila kuugua, kipimo cha kifua kabla ya sindano ni sharti. Bei ya dawa hizo bado imewafungia nje wagonjwa wengi, na hilo ni jambo ambalo bima na wizara wanapaswa kulibeba wao, si mgonjwa na ng'ombe wake wawili.

Mimi bado ni mtu wa Ijumaa. Vidole vyangu vimenyooka vya kutosha kushika kalamu.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mama au shangazi anayemeza vidonge vyeupe vya dukani kwa ajili ya viungo, usimnyang'anye leo, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kumwangusha. Mpeleke hospitali na pakiti yake mkononi, amwonyeshe daktari kila anachokunywa, pamoja na mizizi ya mganga kama ipo. Aulize kama kuna dawa inayozuia ugonjwa wenyewe. Akipewa methotreksati, mwandikieni siku yake kwenye kalenda, moja tu kwa wiki, na msiache tarehe ya kupima damu ipite.